Lifti ya Viti Mlimani: Kwa Nini Mwendo wa Kasi Hauondoi Mlolongo

Mtu aliyekulia Lubumbashi hujifunza mapema kuhesabu usafiri. Jioni anasimama mjini akisubiri taksi-basi ya kwenda Ruashi au Katuba, anaona watu wamejaa ukingoni mwa barabara, na anajua bila kufundishwa kwamba gari likienda mbio na kurudi upesi watu wataisha upesi, na likikwama njiani watakuta giza pale pale. Hesabu hiyo ni sahihi. Ni sahihi pia kule Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, ambako baba yangu mdogo alishuka mgodini kwa miaka mingi ndani ya lifti ya shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1,200: lifti ilipokwenda kasi zaidi, zamu nzima ilifika chini mapema zaidi. Lakini hesabu hiyo hiyo ikipelekwa kwenye lifti za viti, zile zinazopandisha watu katika milima ya theluji ya Ulaya na Amerika, inatoa jibu ambalo si la kweli. Wapo watu waliokwisha kuzipanda mara nyingi ambao bado wanaamini kwamba lifti ya kasi inapandisha watu wengi zaidi kwa saa kuliko lifti ya polepole, na kwamba mlolongo ukiwa mrefu dawa yake ni kuongeza mwendo. Nadhani kosa hilo linastahili kufunguliwa polepole, kwa sababu likishaeleweka, mambo mengine yote ya lifti hizi, fupi kwa ndefu, yanaeleweka nalo.

Kwanza kifaa chenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kukiona. Kamba ya chuma iliyosokotwa, ambayo ncha zake mbili zimefumwa pamoja ili iwe duara lisilo na mwanzo wala mwisho, inazunguka kati ya magurudumu mawili makubwa, moja chini ya mlima na moja juu. Njiani inapita kwenye makapi, yaani magurudumu madogo ya kuongozea kamba, yaliyofungwa juu ya nguzo, na viti vinaning'inia juu yake, upande mmoja vikipanda na watu, upande wa pili vikishuka vitupu. Mtu anaketi chini akiwa amevaa mbao zake za kutelezea miguuni, anafika juu, anateleza kutoka kwenye kiti, anateremka mlima kwenye theluji hadi pale alipoanzia, kisha anapanda tena. Hilo la mwisho, kwamba mtu yule yule anarudi, litakuwa na uzito mkubwa mbele.

Nasaba ya kifaa hiki inatugusa kuliko inavyodhaniwa. Kamba ya nyaya za chuma ni mtoto wa migodi: mwaka 1834 Wilhelm Albert, ofisa wa migodi wa Clausthal katika milima ya Harz nchini Ujerumani, aliitumia kuvuta mizigo kutoka shimoni, mahali ambapo minyororo na kamba za katani zilikuwa zikikatika. Kiti nacho kilitokana na ndizi. Katika mwaka 1936 kampuni ya reli ya Marekani, Union Pacific, iliyoongozwa na Averell Harriman, ilikuwa ikijenga kituo cha michezo ya theluji cha Sun Valley, jimboni Idaho, ili watu wapate sababu ya kupanda treni majira ya baridi. Mhandisi wake James Curran aliwahi kushughulikia mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini, ambamo kulabu zilizunguka juu ya kamba bila kusimama, naye akawaza kuziondoa kulabu na kuweka viti mahali pake. Ili kujua kiti kinaweza kumzoa mtu kwa mwendo gani bila kumwangusha, kiti kilifungwa ubavuni mwa lori huko Omaha, na lori likaendeshwa kumfuata mtu aliyesimama akiwa amevaa viatu vya magurudumu. Swali lililoulizwa siku ile, yaani mwili wa binadamu unaweza kupokea kiti kinachokuja kwa mwendo gani, ndilo linalotenganisha lifti za polepole na za kasi hata leo.

Katika lifti ya polepole kila kiti kimeshikamana na kamba kwa kibano cha kudumu. Kibano hakifunguki mchana wala usiku, isipokuwa mafundi wanapokihamisha kidogo mara kwa mara ili kamba isichoke mahali pamoja. Maana yake ni kwamba mwendo wa kamba ndio mwendo wa kiti, na mwendo wa kiti ndio unaokugonga nyuma ya magoti. Kwa hiyo kamba haiwezi kupita kiasi cha mita 2.5 kwa sekunde, yaani kilomita 9 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu anayekimbia pole. Katika lifti ya kasi kibano kina springi zenye nguvu zinazobana kamba, na kinapoingia kituoni reli maalumu inakifungua, kiti kinaiacha kamba, msururu wa matairi madogo unakipunguzia mwendo hadi mita moja hivi kwa sekunde, watu wanaketi kwa utulivu, kisha matairi mengine yanakisukuma hadi kilingane na mwendo wa kamba, na kibano kinabana tena. Huko nje kamba inaruka kwa mita 5 kwa sekunde, na mpandaji hakuona kasi hiyo pale alipoketi. Uswisi ilikuwa na viti vya kujiachia namna hii tangu miaka ya 1940, lakini lifti ya kasi ya watu wanne kwa kiti, ile iliyobadilisha biashara nzima, ilifunguliwa na kampuni ya Doppelmayr ya Austria huko Breckenridge, jimboni Colorado, mwaka 1981.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue lifti mbili zenye urefu wa mita 1,500, kila kiti cha watu wanne, na katika kila moja kiti kinafika mbele ya mlolongo kila baada ya sekunde 6. Moja inakwenda mita 2.5 kwa sekunde na safari yake ni dakika 10, nyingine inakwenda mita 5 kwa sekunde na safari yake ni dakika 5. Zinapandisha watu wangapi kwa saa? Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo viti 600 vinapita, mara watu wanne, ni watu 2,400. Jibu hilo ni la lifti zote mbili. Mwendo haukuingia popote katika hesabu hii, kwa sababu aliyesimama mlangoni hapokei mita za kamba, anapokea viti, na viti vinamfikia kwa zamu ile ile ya sekunde 6. Tofauti iko angani: katika lifti ya polepole kiti kiko mita 15 nyuma ya mwenzake, na katika ya kasi kiko mita 30, kwa hiyo lifti ya kasi inahitaji nusu tu ya viti.

Hapa ndipo uzoefu wetu wa taksi-basi na wa Kipushi unapotupoteza. Lifti ya mgodi inakwenda na kurudi, na wakati iko chini hakuna anayeweza kuipanda juu. Tuseme inabeba watu 60 na mzunguko wake, pamoja na kupakia na kupakua, ni dakika 4: itashusha watu 900 kwa saa. Ukiupunguza mzunguko hadi dakika 3 itashusha 1,200, kwa sababu mlango unafunguka mara nyingi zaidi. Lifti ya viti inafanana zaidi na ule mkanda unaobeba mawe ya madini kutoka kinu kimoja hadi kingine, ambao mlango wake hauna siku ya kufungwa, na kinachoanguka mwisho wake kwa saa ni kile kile kilichowekwa mwanzo wake kwa saa. Baba mdogo nilipomweleza jambo hili alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo ndilo hasa kiini cha makala hii: kama wanafika juu idadi ile ile, na wametumia nusu ya muda, zile dakika tano zimekwenda wapi?

Ni swali halali, na jibu lake linategemea wingi wa watu. Tuseme kuteremka mlima ule kunachukua dakika 6. Mtelezaji asiyekuta mlolongo, kwenye lifti ya polepole, anakamilisha mzunguko kwa dakika 16, na kwenye ya kasi kwa dakika 11. Siku ya katikati ya juma, mlimani kukiwa na watu 300 tu, hakuna anayengoja, na kila mmoja anapata mizunguko mitano na zaidi kwa saa badala ya mitatu na robo tatu. Siku kama hiyo lifti ya kasi ni neema tupu, na wanaoisifu wanasema kweli.

Lakini Jumamosi wanakuja watu 800. Lifti, iwe ya kasi au ya polepole, inachukua watu 40 kwa dakika, kwa hiyo ili wote 800 wapite mlangoni mara moja zinahitajika dakika 20, na hakuna njia ya kuikwepa namba hiyo. Mzunguko wa kila mtu utakuwa dakika 20. Kwenye lifti ya polepole dakika hizo zinagawanyika kuwa 10 za kupanda, 6 za kuteremka na 4 za kusimama kwenye mlolongo. Kwenye ya kasi zinakuwa 5 za kupanda, 6 za kuteremka, na 9 za kusimama. Zile dakika tano alizoziulizia baba mdogo hazikupotea, zimeshushwa kutoka kwenye kiti zikawekwa kwenye mulongo, kama tunavyosema huku kwetu, na kila mtu bado anapata mizunguko mitatu kwa saa.

Katikati ya hali hizo mbili kuna nyingine inayochanganya watu zaidi. Lifti ya polepole katika mfano wetu inaanza kuwa na mlolongo watu wakizidi 640, na ya kasi wakizidi 440. Siku ya watu 600, basi, lifti ya polepole haina mtu anayengoja, ilhali mbele ya ile ya kasi wamesimama watu kwa dakika nne. Mgeni akitazama atasema lifti ya kasi imeshindwa kazi, na atakosea, kwa kuwa mzunguko wake ni dakika 15 dhidi ya 16. Watu ambao wangekuwa wameketi angani, nusu yao wako chini wanaonekana. Kwenye lifti ya polepole iliyojaa kuna watu 400 juu ya kamba kwa wakati mmoja, na kwenye ya kasi kuna 200. Lifti ya polepole ni kama ukumbi mrefu wa kungojea uliotundikwa hewani, na mtu aliyechoka miguu, au mzee aliyepanda na mjukuu wake, anaweza kwa haki kabisa kupendelea kungoja akiwa ameketi. Upepo wa baridi kali ukivuma anaweza kupendelea kinyume chake, na ndiyo sababu lifti nyingi za kasi za siku hizi zina kifuniko cha plastiki ngumu kinachoshushwa mbele ya abiria.

Hapo ndipo urefu unapoingia. Faida ya mwendo inakua kwa kadiri ya kamba, lakini gharama yake haikui hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za lifti ya kasi imo katika vituo viwili, pamoja na reli, matairi, vifaa vya kupima nguvu ya kila kibano na wafanyakazi wa kuvitunza, na vituo hivyo ni viwili iwe kamba ina mita 400 au 3,000. Kwenye mita 400 lifti ya polepole inatumia sekunde 160 na ya kasi 80, na katika hizo zilizookolewa baadhi zinarudi kwa sababu kiti kinatembea taratibu ndani ya vituo. Umenunua mitambo inayoweza kugharimu mara mbili au zaidi ili umwokolee mtu dakika moja. Kwenye mita 2,000, kwa upande mwingine, unachagua kati ya dakika 13 na ushee na dakika chini ya 7, na mtu aliyening'inia kwenye baridi kali kwa dakika 13 anaihisi kila moja. Kwa hiyo mtindo wa kuweka kibano cha kudumu kwenye lifti fupi na cha kujiachia kwenye ndefu hauna ubahili ndani yake, na naamini mwenye mlima anayefanya kinyume analazimika kueleza sababu.

Sababu moja ya kinyume ipo, nayo ni nzito. Lifti fupi mara nyingi ndiyo ya wanaojifunza, na wanaojifunza huanguka. Kiti kinachokuja kwa kilomita 9 kwa saa hakimngoji mtoto aliyepishanisha mbao zake, kwa hiyo mhudumu anapunguza mwendo au anasimamisha kamba nzima, na kamba ikisimama wote walio juu yake wanasimama. Katika ile lifti yetu yenye watu 400 angani, kusimama kwa nusu dakika ni dakika 200 za watu zilizopotea kwa ajili ya anguko moja, na zile namba nzuri za watu 2,400 kwa saa hubaki kwenye karatasi. Wengine hutibu jambo hili kwa kuendesha lifti ya wanafunzi polepole zaidi tangu asubuhi, hata mita 1.5 kwa sekunde. Wengine huweka chini ya miguu mkanda unaotembea kuelekea upande ule ule wa kiti: kama kiti kinakuja kwa mita 2.5 na mkanda unakusogeza kwa mita 0.8, unachokisikia magotini ni mita 1.7 tu. Na wengine hununua kibano cha kujiachia kwa lifti fupi kabisa, wala si kwa ajili ya mwendo bali kwa ajili ya ile mita moja kwa sekunde mlangoni. Nikiulizwa mimi, hii ndiyo sifa bora ya kibano cha kujiachia, na inasikitisha kwamba jina la lifti hizi limetokana na kasi yake angani badala ya upole wake kituoni.

Kuhusu umeme, ambao kwetu Lubumbashi hakuna anayeuzungumzia bila hisia, kuna jambo la kufurahisha. Kupandisha watu 2,400 kwa saa, kila mmoja akiwa na kilo 80 pamoja na vifaa vyake, hadi kimo cha mita 400, kunahitaji kilowati 209 hivi, ukiacha msuguano. Lifti ya polepole inainua watu wengi polepole, ya kasi inainua nusu yao kwa mwendo maradufu, na mzigo wa mota kwa ajili ya watu wenyewe ni ule ule. Umeme ukikatika, injini ya dizeli inashika zamu na kuwafikisha kituoni walio juu, ambao kwenye lifti ya kasi ni wachache kwa nusu.

Kama mwendo hauongezi watu kwa saa, nini kinachoongeza? Ni viti vipana, au zamu fupi zaidi kati ya kiti na kiti, na vyote viwili ni rahisi zaidi pale watu wanapoketi kwa utulivu. Kwa njia hiyo, ya kuzunguka, kibano cha kujiachia kilifungua mlango wa viti vya watu sita na baadaye wanane. Weka kiti cha watu sita kwenye zamu ile ile ya sekunde 6 na unapata watu 3,600 kwa saa. Jumamosi ya watu 800 mlolongo unapungua hadi dakika mbili na sekunde 20 kwenye lifti ya kasi. Lakini watu hao hawakuyeyuka: kwenye mteremko, ambako awali walikuwa 240 kwa wakati mmoja, sasa wako 360, na wanagombania theluji ile ile.

Wapo waliolipima jambo hilo wakakataa. Mad River Glen, jimboni Vermont, ni mlima unaomilikiwa tangu 1995 na ushirika wa watelezaji wenyewe, na lifti yake maarufu, ya kiti cha mtu mmoja mmoja, ilijengwa mwaka 1948. Ilipochakaa, wenye mlima wangeweza kuweka yenye nafasi zaidi. Badala yake waliikarabati kwa gharama kubwa, ikafunguliwa tena mwaka 2007 ikiwa bado ya mtu mmoja kwa kiti. Walichokuwa wakikilinda ni nafasi kwenye mteremko, na walikubali kuilipia kwa kusimama chini. Uamuzi wao unapendeza kwa sababu wameijua hesabu na wamechagua upande, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kununua kasi kwa matumaini kwamba mlolongo utaondoka.

Afrika ina lifti chache za namna hii, kama ile ya Oukaïmeden katika milima ya Atlas nchini Morocco. Lakini kibano cha kujiachia kimetoka kwenye theluji na kuingia mijini. Huko La Paz, Bolivia, tangu mwaka 2014, vyumba vya watu 10 vinaning'inia kwenye kamba ya namna hiyo hiyo na kuunganisha jiji na El Alto lililo juu yake. Kwenye njia zake za kwanza chumba kinafika kila sekunde 12, yaani watu 3,000 kwa saa kwa kila upande, kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Nilipomwonyesha baba mdogo namba hizi aliuliza kama huko nako dakika zilizookolewa hushuka zikaingia kwenye mlolongo. Hazishuki. Mtelezaji akifika juu anarudi chini dakika sita baadaye kudai kiti kingine, bali mama aliyetoka sokoni La Paz akifika El Alto anakwenda nyumbani kwake kupika, na kamba haitamwona tena hadi kesho.